Bunduki ya Kwanza ya Shabaha kwa Mkazi wa Malindi: Ninunue .22 Ipi?

*"Assalaam aleikum, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Malindi, umri wangu miaka 48. Mwaka jana rafiki yangu mwenye leseni alinialika katika klabu moja ya shabaha huko Mombasa, nikafyatua risasi za .22 chini ya uangalizi wa mkufunzi, na tangu siku hiyo mchezo huu umenikaa moyoni. Nimeweka akiba ya shilingi 150,000 na nataka bunduki yangu mwenyewe, ya kulengea shabaha tu, si ya ulinzi wala ya kuwinda. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja ananiambia nichukue .17 kwa kuwa ina kasi na upepo hauiwezi. Mwingine anasema bunduki ya kasiba fupi hailengi sawasawa. Wa tatu anashikilia kwamba ninunue bunduki ya hewa kwa sababu haihitaji leseni, kisha nifanyie mazoezi katika shamba letu la Ganda, ambako hatuna jirani wa karibu. Macho yangu yameanza kudai miwani ya kusomea. Mke wangu naye hana raha na jambo hili, kwa kuwa tuna watoto wawili nyumbani. Je, ninunue ipi?"*

Waaleikum salaam, mwalimu. Umeuliza bunduki ipi, lakini barua yako ina maswali kadhaa yaliyofungwa pamoja: kaliba (kipenyo cha risasi, ambacho ndicho .22 na .17 hukitaja kwa sehemu za inchi), urefu wa kasiba (mtutu), macho, sheria, mahali pa kufanyia mazoezi, na amani ya nyumba yako. Nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio ulioyaandika, kwa sababu mawili kati yake yakikosewa hayo mengine hayatakuwa na maana. Naanza na ushauri wa rafiki yako wa tatu.

Shamba la Ganda liondoe kabisa katika hesabu zako. Risasi ya .22 huonekana ndogo mkononi, na udogo huo huwadanganya watu wazima wenye akili zao, lakini ikielekezwa juu kidogo inaweza kusafiri karibu kilomita moja na nusu na bado ikamdhuru mtu mwishoni mwa safari yake. Chukua ramani ya Ganda, weka kidole juu ya shamba lenu, uchore duara la kilomita moja na nusu, kisha uhesabu njia za miguu, visima, nyumba na watoto wanaochunga mbuzi walio ndani ya duara hilo. Tena kichwa chake ni cha madini laini yenye mwendo wa wastani, na risasi ya namna hiyo huruka upya kwa urahisi ikigonga maji, jiwe la matumbawe au ardhi ngumu ya kiangazi. Kwa sababu hiyohiyo ufuo wa bahari na mdomo wa mto Sabaki si mahali pa kulenga shabaha, hata alfajiri pasipo na mtu. Uwanja wa shabaha hujengwa kwa ukuta mrefu wa udongo nyuma ya shabaha, mistari ya kufyatulia iliyopimwa, na msimamizi ambaye neno lake hutiiwa papo hapo. Bila vitu hivyo hakuna mazoezi, na shamba lenu haliwezi kuvipata kwa fungu la mchanga na ukuta wa mabati.

Kuhusu leseni, Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inakataza mtu kununua, kupata au kuwa na silaha au risasi bila cheti cha umiliki, na anayetoa uamuzi ni Bodi ya Leseni za Silaha. Mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu ya haki ya kutaka silaha, na kwamba yeye ni mtu mwenye tabia njema, asiyetawaliwa na ulevi na mwenye akili timamu. Hiyo hadithi kwamba bunduki ya hewa haimo ndani ya sheria usiifuate kwa kuisikia barazani. Bunduki ya hewa inayolengea shabaha ni silaha yenye kasiba na inaweza kumpofusha mtu au kumuumiza vibaya; iulizie Bodi kwa maandishi kabla hujatoa shilingi, upate jibu la maandishi. Wala usiagize kutoka ng'ambo kwa njia ya intaneti ukitarajia kwamba kifurushi kitapita forodhani kama kiatu. Mwalimu anayeheshimika mjini hana sababu ya kuanza mchezo wake kwa kesi.

Naongeza jambo moja ambalo hukuliuliza. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na hapa tunaishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wenye wanyama na ndege wasiopatikana kwingi duniani. Bunduki ya shabaha haifyatuliwi kwa kunguru, kima wala njiwa, hata wakila mahindi yako.

Sasa tuingie katika kaliba, ambako ndiko penye mengi ya kujifunza. Unapovuta kifyatulio cha bunduki ya .22, pini hugonga ukingo wa ganda la risasi, ambako ndani yake umepakwa unga wa fataki. Unga huo hulipuka, baruti huwaka, na gesi husukuma kichwa cha risasi kupitia kasiba. Ndani ya kasiba mna mifereji iliyopindishwa, ambayo katika bunduki nyingi za .22 humaliza mzunguko mmoja kila sentimita 41 hivi. Mifereji hiyo huishika risasi na kuizungusha, nayo hutoka ikizunguka takriban mara 800 kwa sekunde, na mzunguko huo ndio unaoifanya isimame imara angani kama pia ya mtoto isivyoanguka inapozunguka. Kichwa cha risasi ya kawaida huwa na uzito wa gramu 2.6, na risasi zinazotengenezwa kwa ajili ya shabaha hutoka kwa mwendo wa mita 320 hadi 330 kwa sekunde.

Mwendo huo umechaguliwa kwa makusudi. Sauti husafiri kwa mita 340 hivi kwa sekunde katika hewa ya baridi kiasi, na karibu 349 katika joto la nyuzi 30 kama la kwetu. Risasi inayotoka ikiwa chini ya mwendo wa sauti hubaki chini yake mpaka kwenye karatasi. Ile inayouzwa kwa sifa ya kasi kubwa hutoka kwa mita 380 hivi, lakini hupungua upesi na kuvuka mpaka wa sauti kabla ya kufika mita 50, na katika kuvuka huko mawimbi ya hewa yanayoifuata huitikisa. Kwa mtu anayetaka kugonga kopo si kitu. Kwa mtu anayelenga duara la kumi, yaani la katikati lenye alama kumi, katika shabaha ya kimataifa ya mita 50, ambalo kipenyo chake ni milimita 10.4 tu, mtikisiko huo ni alama alizozipoteza.

Wengi hudhani kwamba risasi yenye kasi zaidi lazima ipeperushwe kidogo zaidi, kwa kuwa hukaa hewani muda mfupi. Sivyo inavyokwenda. Upepo wa ubavuni huihamisha risasi kwa kadiri ya muda inaocheleweshwa na ukinzani wa hewa, yaani tofauti kati ya muda iliotumia kufika na muda ambao ingetumia kama pasingekuwa na hewa kabisa. Ukinzani huo hupanda ghafla karibu na mwendo wa sauti na juu yake. Hivyo .22 ya kasi kubwa hucheleweshwa zaidi, na kwa upepo uleule huhama zaidi kuliko ile ya mwendo wa pole. Upepo wa ubavuni wa mita 4 au 5 kwa sekunde, ambao kwetu siku ya kusi ni upepo wa kawaida tu, unaweza kuihamisha risasi ya shabaha kiasi cha sentimita 2 na nusu katika mita 50, na ile ya kasi ikahama zaidi ya hapo. Ukinunua risasi usivutwe na neno "kasi" lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kasha.

Rafiki yako wa kwanza, basi, amesema kweli nusu. Kaliba ya .17 HMR, iliyoingia sokoni mwaka 2002, hutupa kichwa cha gramu 1.1 kwa mwendo wa zaidi ya mita 750 kwa sekunde, na kwa umbo na mwendo huo mkubwa hupeperushwa kidogo kuliko .22. Lakini risasi zake ni ghali kuliko za .22, mlio wake ni mkali, wauzaji wanaoiweka ni wachache, na mashindano ya shabaha ya mita 50 yanayofuata kanuni za kimataifa yanataka .22 Long Rifle, yaani milimita 5.6. Ukinunua .17 utakuwa na bunduki nzuri unayoogopa kuilisha. Nami sijaona mlengaji aliyeendelea kwa kufyatua risasi chache. Chagua .22 Long Rifle. Imekuwapo tangu mwaka 1887, na ndiyo kaliba ambayo walengaji wengi wa shabaha duniani walianzia.

Kati ya ile inayojipakia yenyewe na ile ya komeo, ambayo unaifungua na kuifunga kwa mkono kila baada ya risasi moja, chukua ya komeo. Ruger 10/22 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964, ni bunduki maarufu ya kujipakia na sina neno baya juu yake, lakini komeo hukulazimisha kupumua kati ya risasi na risasi, hukubali risasi za mwendo wa pole bila kukwama, ni rahisi kwa msimamizi kuona kwamba chemba iko wazi, na ni rahisi pia kwako kueleza mbele ya maofisa wa leseni kwa nini unaitaka. Ukipata ya risasi moja moja isiyo na magazini, usiidharau. Kwa mwanafunzi wa shabaha hiyo ni sifa.

Suala la kasiba fupi halihitaji maneno mengi. Baruti ya .22 ni kidogo mno, huwa imemaliza kazi yake ndani ya sentimita 40 hivi za kasiba, na urefu unaozidi hapo hauiongezei risasi usahihi wowote. Kinacholenga vizuri ni kasiba iliyochongwa vizuri, yenye mdomo usio na mkwaruzo na chemba yenye kipimo sahihi. Kasiba ndefu ina faida moja ya kweli: ukitumia kilengeo cha chuma badala ya darubini, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele huwa mkubwa, na kosa dogo la jicho huonekana mapema. Ukitumia darubini, faida hiyo haipo tena.

Na hapo tunafika kwenye macho yako. Katika umri wa miaka 48 lenzi ya jicho imeanza kuwa ngumu, haiwezi tena kuhama upesi kati ya kitu cha karibu na cha mbali, na kilengeo cha wazi cha mfano wa V kinadai jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: kilengeo cha nyuma, cha mbele, na shabaha. Huwezi, wala kijana hawezi sawasawa. Yeye anaficha tu udhaifu kwa wepesi wa jicho. Una njia mbili. Ya kwanza ni darubini ya kawaida yenye ukuzaji wa mara 4 hadi 9, ambayo huweka shabaha na alama ya kulengea katika umbali mmoja, jicho lisihitaji kuhangaika. Hakikisha inaweza kurekebishwa kwa mita 50, kwa sababu darubini nyingi za bei nafuu zimepangwa kwa mita 90 au zaidi, na alama ya kulengea huonekana kuteleza juu ya shabaha kila unaposogeza kichwa. Ya pili ni kilengeo cha tundu, ambacho unachungulia kupitia kitundu kidogo sana. Kitundu hicho hupunguza miale inayoingia jichoni, na vitu vya karibu na vya mbali huonekana vikali kwa pamoja. Ndicho wanachotumia washindani wa Olimpiki. Kwako ningependelea kitundu kama klabu inakusudia kukupeleka katika mashindano ya kanuni za kimataifa, na darubini kama unataka kujifunza kwa furaha yako. Kabla ya kununua chochote kati ya hivyo, nenda kwa daktari wa macho upimwe, na umweleze kwamba unataka kuona vyema kitu kilicho umbali wa kasiba yako, si umbali wa kitabu. Kipimo ni tofauti, na miwani ya kusomea haitakusaidia uwanjani.

Mambo mawili ambayo marafiki zako hawakuyataja ni kifyatulio na kitako (mwili wa mbao au plastiki unaoshika kasiba na kuegemea begani), nami nayaweka juu ya jina la kiwanda. Bunduki nyingi mpya hutoka na kifyatulio kinachodai nguvu ya kilo 2 au 3. Bunduki yenyewe ina uzito wa kilo 3 hivi. Ukivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kitu kizima ulichokishika, lazima kitu hicho kisogee, na kusogea kwa nusu ya milimita mdomoni mwa kasiba huwa zaidi ya sentimita 2 kwenye karatasi iliyo mita 50 mbele. Tafuta bunduki ambayo kifyatulio chake kinarekebishika mpaka kilo moja au pungufu kidogo, kinakatika ghafla bila kuburuza, na kazi ya kukirekebisha mwachie fundi wa bunduki mwenye leseni. Kifyatulio kilicholegezwa na mtu asiyejua kinaweza kuachia kwa mtikisiko tu.

Kitako kipime mwilini mwako. Lala kifudifudi, funga macho, weka bunduki begani na shavu juu ya kitako kwa raha, kisha fungua macho: jicho lako linapaswa kuwa katikati ya kilengeo bila kunyosha shingo wala kubonyeza shavu. Likiwa chini, kitako kinahitaji kuinuliwa, na kipande cha sponji ngumu kilichofungwa kwa ukanda hutosha. Angalia pia jicho lako tawala. Nyosha mkono, weka kidole gumba juu ya kitu cha mbali huku macho yote mawili yakiwa wazi, kisha fumba moja moja; jicho linaloendelea kukiona kidole juu ya kitu ndilo tawala. Wapo watu wa mkono wa kulia wenye jicho tawala la kushoto, na wengi wao huhangaika muda mrefu bila kujua sababu.

Majina sasa, kwa kuwa najua ndiyo uliyoyangojea. CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki ina kasiba nzuri na kifyatulio kinachorekebishika tangu kiwandani, na watangulizi wake, 452 na 455, ni bunduki za kuaminika zikitunzwa. Savage Mark II, inayotengenezwa Kanada, kwa kawaida huwa nafuu kuliko hiyo. Kitako chake cha plastiki si kizuri sana kwa mkono, lakini kasiba na kifyatulio chake hufanya kazi yao. BRNO Model 2 za zamani, zilizotengenezwa Chekoslovakia, bado zinalenga vizuri ajabu kama kasiba haijaliwa na kutu. Anschütz za Ujerumani zenye mtambo wa 64 ni za daraja la juu, nawe ukikuta iliyotumika kwa bei unayoimudu, ichunguze kwa makini na usiiache kwa ajili ya mpya ya bei hiyohiyo.

Nakwambia kwa uwazi kwamba shilingi 150,000 huenda zisitoshe kwa bunduki mpya pamoja na kila kinachoiandamana, na hata kama zingetosha singekushauri uzimalize kwa muuzaji. Weka nusu kwa bunduki, hata kama nusu hiyo inamaanisha iliyotumika. Inayobaki italipia leseni na kuihuisha, sanduku la chuma, kinga ya masikio na macho, kilengeo, ada ya klabu, nauli, na risasi. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi. Safari mbili kwa mwezi kwa mwaka mzima ni gharama ambayo watu huisahau, kisha bunduki ikakaa kabatini kama pambo. Hesabu kwanza ni mara ngapi utaweza kwenda, na kila mara utafyatua risasi ngapi. Zoezi la maana ni risasi 60 na za kujipima kabla yake. Ikiwa bajeti haifiki hapo, bunduki ingoje.

Ukienda kuikagua iliyotumika, nenda na mtu anayejua, ufanye hivyo kwa muuzaji mwenye leseni au ndani ya klabu. Fungua komeo, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba haina risasi, lichomoe komeo lote, kisha chungulia kasiba kutoka nyuma ukiielekeza kwenye mwanga. Mifereji iwe na kingo kali na uso unaong'aa. Vidoa vyeusi vilivyochimbika ni kutu iliyokula, na hiyo haina dawa. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chemba pale pini inapogonga: bunduki iliyofyatuliwa tupu mara nyingi huwa na jeraha la pini kwenye ukingo huo, na ganda huingia kwa shida. Mwishowe omba ifyatuliwe. Usikubali karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana, kwa sababu matundu matatu hugusana kwa bahati. Taka vikundi (matundu ya risasi zilizolengwa mahali pamoja) vya risasi kumi kumi, visivyopungua viwili.

Kila kasiba ya .22 ina risasi inayoipenda, na hakuna anayeweza kukwambia ni ipi kwa kuitazama. Nunua kasha moja moja la aina tatu au nne za mwendo wa pole, lala chini, egemeza bunduki, ufyatue vikundi vya risasi kumi kwa kila aina siku isiyo na upepo. Unapobadilisha aina, risasi kumi au ishirini za kwanza usizihesabu, kwa sababu nta iliyopakwa kwenye risasi za awali bado imo ndani ya kasiba na mpaka ibadilike vikundi hutanuka. Ukiipata inayofaa, nunua ya kutosha yenye namba ileile ya toleo, kadiri cheti chako kinavyoruhusu. Risasi usiziache ndani ya gari juani. Nta huyeyuka, na baruti iliyochemka huinua mwendo, ukabaki unashangaa kwa nini mashimo yamepanda juu.

Bunduki ya hewa sijaitaja ili kuikataa. Ikiwa Bodi itakuelekeza njia halali ya kuimiliki na klabu ina nafasi ya mita 10, hiyo ni shule bora kuliko .22 yenyewe. Ni mchezo wa Olimpiki tangu mwaka 1984, na ndio uliompa Abhinav Bindra wa India dhahabu huko Beijing mwaka 2008. Risasi yake ya milimita 4.5 huchukua muda mrefu zaidi ndani ya kasiba, kwa hiyo kila mtikisiko wa bega baada ya kuvuta kifyatulio huandikwa kwenye karatasi. Risasi zake ni rahisi sana kwa bei. Ichague kwa sababu hizo, si kwa kukwepa leseni.

Tukirudi kwa .22, hewa yetu ya chumvi itaiharibu bunduki kuliko utakavyoiharibu wewe. Usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa sponji au ngozi, kwa sababu sponji hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma usiku kucha. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila baada ya kuishika, maana jasho ni chumvi pia, na weka vifuko vya kukausha unyevu ndani ya sanduku. Ukiweza kupata ya chuma kisichoshika kutu, ongeza pesa kidogo uichukue. Kitako cha mti huvimba wakati wa mvua za masika na kuisukuma kasiba, ukaona shabaha imehama bila kosa lako. Cha mbao zilizogandishwa kwa tabaka au cha plastiki hutulia zaidi. Ndani ya kasiba usisugue kila siku. Ondoa unyevu, pitisha kitambaa, inatosha. Na kwa kuwa moshi wa .22 na vichwa vyake vina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula chochote, na nguo za uwanjani zisikae pamoja na za watoto.

Mke wako ana haki ya wasiwasi wake, nami ningependa umsikilize kabla ya kuwasilisha ombi lolote. Mpeleke klabuni siku moja aone taratibu. Nyumbani, bunduki hukaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa skrubu ukutani, komeo likiwa limechomolewa na kuwekwa mahali pengine penye kufuli, na risasi mahali pa tatu. Watoto wasijue funguo ziko wapi. Kuwaambia wasiguse hakutoshi, hata wakiwa watoto watiifu. Na kama katika nyumba yenu kuna mtu yeyote, mkubwa au mdogo, anayepitia huzuni nzito, hasira zisizodhibitika, ulevi au mawazo ya kujidhuru, bunduki isiingie ndani ya nyumba hiyo. Waulize viongozi wa klabu na polisi kuhusu kuihifadhi katika ghala lao la silaha, na mtu huyo apelekwe kwa daktari au mshauri wa afya ya akili bila kungoja. Hata bila shida kama hizo, kuihifadhi klabuni ni chaguo zuri kwako kama kunaruhusiwa: hutalazimika kupita vizuizi vya barabarani na silaha kila safari, wala hutapanda nayo matatu, jambo ambalo nakusihi usilifanye kamwe.

Mwezi huu, ukitaka kuanza, usinunue kitu. Rudi klabuni Mombasa, uliza masharti ya uanachama na ya mafunzo ya usalama, na kama wana bunduki za klabu ambazo mwanachama mpya hufundishiwa chini ya uangalizi. Jaribu mbili tatu zilizo tofauti, huku mkufunzi akikutazama bega, shavu na kidole, kwa sababu mambo hayo siwezi kukurekebishia kwa maandishi. Andika ni ipi iliyokukaa begani na kifyatulio chake kilikuwa cha uzito gani. Ukishakuwa na barua ya klabu inayothibitisha kwamba unashiriki, ofisi ya leseni itakuwa na kitu cha kupima ombi lako, nawe utakwenda kwa muuzaji ukiwa tayari unajua unachokitaka.